Choo kinapohamia ndani ya nyumba ya wazazi, anzeni na njia ya majitaka

Na Mwandishi Wetu

Kila Desemba, magari yaliyofungwa mizigo juu hukata kona za kupanda Mbaga, Gonja, Suji na Vudee, na mengine huishia Same mjini. Watoto wamerudi kuwaona wazazi. Sikukuu ikipita familia hukaa kikao, na katika nyumba nyingi siku hizi kuna ajenda isiyokosekana: mama ameshakuwa mtu mzima sana, choo kiko nyuma ya migomba, na njia ya kwenda huko huteleza mvua ikinyesha. Kaka mkubwa anasema, "Tumwekee choo na bafu ndani." Hakuna anayepinga. Michango inaanza, na kabla wiki haijaisha kundi la familia kwenye simu limeshajaa picha za marumaru, masinki na mabomba ya mvua.

Wazo ni jema. Mzee anayetoka nje saa nane ya usiku na tochi mkononi anaweza kuanguka, na kuvunjika nyonga katika umri huo ni jambo zito. Shida ni kwamba picha zote zile zinaonyesha mahali maji yanapoingia. Hakuna hata moja inayoonyesha yanakotokea. Katika nyumba ya zamani, hasa iliyokaa kwenye mteremko, njia ya kutokea ndiyo inayoamua bafu likae chumba gani.

Nyumba zilizojengwa bila bomba

Nyumba nyingi za wazazi wetu zilijengwa wakati choo kilikuwa kijengo cha peke yake uani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza nchi nzima, ilihimiza kaya kuchimba na kutumia vyoo. Vingi vilikuwa vya shimo. Choo cha namna hiyo hakihitaji bomba. Hupokea kinyesi, mkojo na maji kidogo ya kutawadha, udongo unanyonya, miaka inapita.

Wakati maji yalikuwa ya kubeba kichwani, hakuna aliyewaza kuyamwaga kwa mamia ya lita. Hali hiyo inabadilika. Mji wa Same uko upande mkavu wa milima, na kwa miaka mingi wakazi wake wameyaona maji kwa mgawo. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, unaochukua maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Maji yakifika bombani, choo cha kuvuta na bafu la ndani huacha kuwa ndoto.

Sasa piga hesabu. Mtu mmoja anayeoga, anayenawa na anayevuta choo anaweza kumwaga lita 60 kwa siku bila kufanya anasa yoyote. Kaya ya watu sita ni lita 360. Desemba wakifika watu 15, ni lita 900, yaani zaidi ya mapipa manne ya lita 200 kila siku inayopita. Maji hayo yote yanatakiwa kutoka ndani ya nyumba kwa uzito wake yenyewe, usiku na mchana, bila mtu kuyasukuma.

Anzeni mwisho, mrudi mwanzo

Fundi mzuri haanzi kwa kuuliza mnataka bafu wapi. Anaanza kwa kuzunguka nje ya nyumba. Anatafuta mahali ambapo tangi la majitaka na shimo la kunyonya vinaweza kukaa, kisha anarudi nyuma kuelekea nyumba na kuuliza: ni chumba kipi kina ukuta wa nje unaotazama upande huo?

Kipimo cha kwanza ni kimo. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake, ujazeni maji na kuondoa mapovu. Ncha moja ishikwe kwenye usawa wa sakafu, nyingine kwenye mambo iliyosimamishwa pale tangi litakapokaa. Maji yakitulia, pande zote mbili huwa katika usawa mmoja. Hapo mtajua ardhi ya kule iko chini ya sakafu kwa kiasi gani, au iko juu yake.

Kipimo cha pili ni umbali. Bomba la choo la inchi 4 hutakiwa kushuka kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja. Tuseme kutoka ukutani hadi kwenye tangi ni mita 12. Hizo ni sentimita 30 za mshuko. Ikiwa bomba linapita ukutani sentimita 30 chini ya sakafu, maana yake litaingia kwenye tangi sentimita 60 chini ya usawa wa sakafu ya bafu. Kama ardhi ya kule ni sawa na sakafu, mtachimba mtaro wa sentimita 60, kazi ya kawaida. Kama ardhi ya kule imepanda mita moja juu ya sakafu, mtaro unakuwa wa mita 1.6, tangi nalo linazama zaidi, na gharama inapanda pamoja nalo. Hapo ni bora kubadili chumba kuliko kupigana na mlima.

Hesabu hii ya kwenye karatasi huchukua nusu saa. Familia inayoiruka hujikuta na marumaru yameshabandikwa, kisha bomba lililolazwa karibu bapa linaziba kila mwezi.

Ukuta wa zamani una masharti yake

Nyumba ya zamani inaweza kuwa na msingi wa mawe na kuta za tofali zilizounganishwa kwa udongo, plasta ya saruji ikiwa ni ngozi ya nje tu. Nyumba ya aina hii haipendi kushtuliwa. Mtaro mrefu ukichimbwa sambamba na ukuta na kwenda chini kuliko msingi, udongo unaoushikilia msingi hulegea, na ufa unaweza kutokea baada ya mvua ya kwanza. Mtaro utoke kwenye ukuta kwa kunyooka na kuachana na nyumba mapema iwezekanavyo. Kama ni lazima upite kando yake, uchimbwe kwa vipande vifupi, na kila kipande kifukiwe na kushindiliwa kabla ya kufungua kingine.

Pale bomba linapopenya msingi, lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi ili kubaki na nafasi kidogo pande zote. Nyumba hutitia polepole kwa miaka. Bomba lililobanwa na zege halina pa kwenda, hivyo hupasuka, na majitaka huanza kulowesha msingi bila mtu kuona.

Kuna njia ya kupunguza uvunjaji. Vyoo vya kukaa vinavyouzwa madukani ni vya aina mbili kwa jinsi vinavyotoa uchafu. Kimoja hutoa chini, kikihitaji sakafu ivunjwe. Kingine, ambacho mafundi hukiita cha trapu ya P, hutoa nyuma, kama sentimita 18 juu ya sakafu, moja kwa moja kupita ukutani. Kwa nyumba ya zamani hiki cha pili mara nyingi ndicho mkombozi: jamvi la sakafu halivunjwi kwa ajili ya choo, na bomba linaanzia juu zaidi, hivyo mnapata kimo cha ziada cha kuchezea. Amueni aina ya choo kabla ya kununua. Bakuli likishafika kijijini kwa basi, kulirudisha dukani ni kazi nyingine.

Wapo wanaonyanyua sakafu nzima ya bafu ili bomba lipate mteremko, kisha wanaweka kipandio mlangoni. Kwa kijana si kitu. Kwa mama ambaye magoti yanamuuma, na ambaye ndiye sababu ya ujenzi wote, kipandio hicho kimerudisha hatari ileile ndani ya nyumba. Kama kimo hakitoshi, afadhali kuongeza chumba kidogo kilichoegemea ukuta wa upande wa chini, mlango ukifunguliwa kutokea ndani.

Chemba, trapu na bomba la hewa

Nje ya ukuta, wekeni chemba kila bomba linapokunja kona, kila mabomba mawili yanapokutana, na katikati ya safari ndefu, kwa mfano kila baada ya mita 10 hadi 15. Chemba ni mlango wa fundi siku bomba likiziba. Isijengwe ndani ya chumba, wala isifunikwe kwa zege la uwanja kwa sababu haipendezi.

Mlimani kuna kishawishi cha kufuata ardhi: mlima unashuka kwa kasi, basi na bomba lishuke hivyo hivyo. Bomba la choo likiwa na mteremko mkali mno, maji hukimbia na kuuacha uchafu mzito nyuma. Njia nzuri ni kushuka kwa ngazi. Bomba lilazwe kwa mshuko wake wa kawaida hadi kwenye chemba, ndani ya chemba lishuke wima, kisha liendelee tena kwa mshuko wa kawaida hadi chemba inayofuata.

Kila beseni, kila sinki na kila tundu la sakafuni liwe na trapu, ile kona inayobaki na maji kama kizibo cha harufu. Pia pawe na bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Bila hewa, choo kikivutwa hunyonya maji ya trapu za jirani, harufu na wadudu wanapata njia ya kuingia ndani. Kwa joto la Same, trapu ya bafu la wageni linalotumika sikukuu tu hukauka. Dawa yake ni kumwaga lita moja ya maji kila wiki.

Shimo la zamani msiliunganishe

Hapa ndipo familia nyingi hujaribu kuokoa fedha. Shimo la choo cha zamani bado lipo, linaonekana halijajaa, basi bomba jipya linaelekezwa huko. Shimo lililochimbwa bila kujengewa kuta lilikusudiwa uchafu mkavu. Likianza kupokea lita mia tatu au mia nne kwa siku, kuta zake za udongo hulainika na kumomonyoka. Linaweza kutitia mtu akiwa juu yake, na mara nyingi anayecheza hapo ni mtoto. Shimo hilo lifungwe na kufukiwa kwa udongo na mawe, na mahali pake pawekwe alama.

Jengeni tangi jipya lenye vyumba viwili, la kwanza likichukua theluthi mbili ya ujazo. Liwe na sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta isiyopitisha maji. Uchafu mzito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayopita kwenda shimo la kunyonya. Ndiyo maana mabomba ya kuingilia na kutokea huwekewa viungo vya umbo la T vinavyoelekea chini, ili povu la juu lisitoke pamoja na maji.

Kwa kaya ya watu sita, tangi la mita za ujazo tatu, kwa mfano urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha maji cha mita 1.5, hubeba lita 3,000. Hata siku za wageni 15 wanaomwaga lita 900, maji hupata zaidi ya siku moja ya kutulia. Mafundi hukadiria tope la lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa watu sita ni lita 240, na tope likifika theluthi ya tangi, yaani lita 1,000, ni wakati wa kunyonya. Hiyo ni takriban kila miaka minne.

Hapo linakuja swali ambalo kikao hulisahau: gari la kunyonya litafika? Same mjini jibu ni kuweka tangi upande wa barabara. Kwenye kijiji ambacho njia ya mwisho ni ya miguu, tangi lisilofikiwa na gari ni tatizo la kumkabidhi mjukuu. Huko chaguo la busara ni choo cha kumwagia maji chenye mashimo mawili ya kupokezana, yaliyojengewa kwa tofali zilizoachiwa matundu. Moja hutumika kwa miaka kadhaa, likijaa hufungwa, la pili linaanza. Lile lililofungwa likikaa miaka miwili bila kuguswa, uchafu wake huwa umegeuka udongo unaoweza kuchimbuliwa kwa jembe. Mashimo haya hayakuumbwa kwa maji mengi, kwa hiyo maji ya kuogea yaelekezwe kwingine.

Jirani wa chini

Upareni kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini. Wazee waliojenga ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kijito usiku ili yamwagilie mashamba mchana, walilijua hilo na waliweka zamu na taratibu za kugawana maji. Majitaka nayo yanafuata mlima uleule. Shimo la kunyonya linalotema maji juu ya chemchemi ya kijiji limehamisha choo cha mama yenu hadi kwenye ndoo ya mtu mwingine.

Shimo la kunyonya likae mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima au chemchemi, na liwe upande wa chini wa chanzo hicho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakwenda mbali zaidi kwa mito, maziwa na mabwawa: inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuviharibu ndani ya mita 60. Kitako cha shimo kibaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, nalo liwe mita kadhaa kutoka nyumba yenu na ya jirani.

Kabla ya kuchimba, jaribuni udongo. Chimbeni kishimo kidogo hadi kina ambacho shimo litafika, mjaze maji jioni na kuyaacha yanywewe usiku kucha. Asubuhi mjaze tena na kupima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakisimama palepale, udongo ni mfinyanzi au mko juu ya mwamba, na shimo la kawaida litafurika. Tafuteni mahali pengine, au tumieni mitaro mirefu ya kokoto isiyo na kina badala ya shimo moja refu.

Mteremko mkali unadai tahadhari ya ziada. Novemba 2009 maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, wilayani Same, yaliua watu zaidi ya 20. Yale yaliletwa na mvua kubwa, hayakuletwa na vyoo. Yanatukumbusha tu kwamba udongo wa milima hii ukishiba maji unaweza kuondoka. Msiweke shimo la kunyonya kwenye ukingo wa ngazi ya shamba wala juu kidogo ya nyumba ya mtu, na maji ya mvua kutoka paani yasiingizwe kabisa kwenye tangi.

Maji yakikatika

Maji ya bomba hukatika, na hapo choo cha kuvuta hugeuka choo cha ndoo. Lita mbili au tatu zilizomwagwa kwa kopo hazina nguvu ya kusukuma uchafu mita 20. Kwa choo cha kumwagia maji, jitahidini shimo lisizidi mita nane hivi kutoka kwenye bakuli. Kwa bomba refu linaloingia kwenye tangi, unganisheni maji ya kuogea sehemu ya juu ya bomba, kabla ya choo, ili kila anayeoga awe amelisafisha bomba bila kujua.

Wapo wanaotaka maji ya kuogea yaende kwenye migomba, na katika nchi kavu kama Same hilo lina maana. Fanyeni hivyo ikiwa safari ya bomba la choo ni fupi. Maji hayo yaelekezwe kwenye mashina ya migomba na miti ya matunda, yasisimame juu ya ardhi, na yasimwagiwe mchicha au mboga zinazoliwa mbichi.

Kabla ya kufukia

Mtaro usifukiwe siku ambayo familia haipo. Zibeni ncha ya chini ya bomba, jazeni maji, na msubiri nusu saa. Yakishuka, kuna kiungo kinachovuja. Kisha fungueni, mmwage ndoo moja bafuni huku mmoja wenu akiangalia kila chemba: maji yapite haraka na yasibaki madimbwi. Pigeni picha ya mtaro ukiwa wazi, pamoja na vipimo kutoka kwenye kona ya nyumba hadi kila chemba na tangi. Nakala ya mchoro huo ikae kwa mama, kwenye bahasha ileile ya hati za kiwanja, kwa sababu miaka minne ijayo fundi atakayekuja huenda akawa mwingine.

Mwiteni pia afisa afya wa kata aone eneo kabla ya kuchimba, na kwa walio mjini, ulizeni halmashauri kuhusu kibali. Halafu mketi na mama mwenyewe. Mwacheni aseme usiku anaamkia upande gani wa kitanda, mlango aufungulie wapi, na kama choo cha kukaa kinamfaa au anahitaji chuma cha kushikilia ukutani. Mkiwa na majibu yake mkono mmoja na vipimo vya mteremko mkono wa pili, chumba kitajulikana. Marumaru mtachagua baadaye, kwa fedha itakayobaki.